Tulipime Ziwa Letu: Wito kwa Wenye Boti na Wavuvi wa Goma

Ndugu zangu wa Goma, wa Minova, wa Idjwi na wa Kalehe, makomanda wa boti na abiria, wavuvi wa samaki wadogo tunaowaita sambaza na kina mama mnaowasubiri ufukweni alfajiri: nawaomba tuanze kulipima ziwa letu sisi wenyewe. Ziwa Kivu tunalivuka kila siku, tunakula kutoka humo, tunachota maji yake kwa bidoni, ila wengi wetu hatujui chini ya boti kuna nini. Komanda mzoefu anajua. Mvuvi mzee wa kisiwa cha Idjwi anajua, tena anajua usiku. Lakini ujuzi huo umo vichwani mwao tu, na kijana aliyefunga moteri yake ya kwanza mwaka huu hana pa kuusoma.

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, iliyokuwa imetoka Minova, ilizama mbele ya bandari ya Kituku hapa Goma, watu wa ufukweni wakiiona kwa macho. Gavana wa Kivu Kusini, Jean-Jacques Purusi, alisema siku hiyo kwamba ilibeba abiria 278 na kwamba waliokufa hawakupungua 78. Barabara ya Goma kwenda Minova kupitia Sake ilikuwa imekatwa na vita tangu mwanzoni mwa mwaka ule, kwa hiyo watu na vyakula vilivyozoea kuja kwa lori vyote vilihamia majini. Miaka 5 kabla yake, Aprili 2019, boti nyingine ilizama upande wa Kalehe na watu zaidi ya 100 hawakuonekana tena. Rais Félix Tshisekedi alikwenda kule, akaagiza kila abiria avae jile la kujiokoa.

Sitamdanganya mtu. Hakuna ramani ya elektroniki ambayo ingeiokoa Merdi, kwa sababu Merdi ilizidiwa na uzito. Jile kwanza, kisha hesabu ya abiria na mizigo, kisha hali ya upepo. Ninachokiomba hapa kinakuja nyuma ya hayo matatu. Mwenye boti atakayenunua chombo kizuri cha kupimia kina akaacha abiria wasimame juu ya magunia hajanielewa.

Lakini Kituku ilituonyesha jambo lingine pia. Familia zilikaa ufukweni zikingoja miili, na miili mingi haikuletwa. Kumtafuta mtu aliyezama kunahitaji kujua boti ililala wapi, katika kina gani, kwenye mteremko au kwenye tambarare. Siku kama ile si siku ya kuanza kuuliza maswali hayo. Ni lazima majibu yawe yameandikwa tayari.

Na Kivu si ziwa la kukisia. Mahali pake pa chini kabisa ni kama mita 485. Ziwa Victoria, ambalo ni kubwa kuliko letu zaidi ya mara 20, halifiki hata mita 90. Kwetu ufuko hauteremki taratibu kwa mchanga; sehemu nyingi za Goma ni jiwe jeusi la volkano ambalo linakatika ghafla, hatua chache kutoka nchi kavu maji yakawa marefu kuliko nyumba ya ghorofa. Tena chini hapajatulia. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, ikaingia ziwani, ikajenga ardhi mahali palipokuwa maji na kuendelea kushuka chini ya maji. Ufuko wenyewe wa kaskazini ulititia. Kwa hiyo ramani yoyote ya maji ya Goma iliyochorwa kabla ya siku ile imepitwa na wakati, hata kama imechapishwa vizuri na ina muhuri.

Wanasayansi waliopima maji ya kaskazini upande wa Rwanda kwa mitambo ya mwangwi walikuta vilima vya volkano vimesimama chini, visivyoonekana na mtu yeyote wa juu. Tchegera, kile kisiwa chenye umbo la mwezi mchanga, nacho ni ukingo wa volkano ambao kwa bahati umetokeza. Huo tunauona na tunaukwepa. Mlango wa ghuba ya Kabuno una kizingiti ambacho juu yake kuna maji ya mita 11 hivi, ilhali ndani ya ghuba kina kinapita mita 100. Boti haigusi hapo, lakini mwenye kushusha wavu mrefu au nanga anapaswa kujua.

Basi, vyombo vyenyewe ni viwili, na vinategemeana. Cha kwanza ni kipimakina. Kuna kipande kidogo kinachofungwa nyuma ya boti, chini ya uso wa maji, kinachopiga sauti tusiyoisikia. Sauti inakwenda chini, inagonga jiwe au tope, inarudi. Katika maji hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo penye kina cha mita 30 mwangwi unarudi kabla hujapepesa jicho, na namba inatokea kwenye kioo. Jiwe gumu linarudisha mwangwi mkali, tope linarudisha mwangwi uliofifia, na mwenye mazoezi anatofautisha. Kifungwe mbali kidogo na panga la moteri, maana mapovu yanaharibu mwangwi.

Sasa naomba msikilize vizuri hapa, kwa sababu ndipo watu wanapodanganyika. Kipimakina kinatazama chini, hakitazami mbele. Kinakwambia kina cha mahali ulipo. Kwenye ufuko wa lava, ambapo mita 40 zinaweza kuwa mita 2 kwa mwendo mfupi sana, namba ikianza kushuka na wewe uko mbio, jiwe limeshakufikia. Inayojua yaliyo mbele ni chombo cha pili, ramani ya elektroniki. Simu ya kawaida yenye GPS inakuonyesha mahali ulipo kwa kosa la mita chache, hata kama hakuna mtandao, mradi ramani uliishusha mapema ukiwa mjini. Lakini ramani nayo inajua yale tu iliyowekewa na mtu. Ukifungua programu ya simu ukakuta Kivu ni eneo la bluu tupu, bila namba hata moja, usidhani bluu hiyo ina maana ya usalama. Maana yake ni kwamba hakuna aliyeandika.

Hapo ndipo ombi langu linaposimama. Kipimakina kidogo chenye GPS ndani yake, cha aina inayouzwa nje kati ya dola 100 na 300 na inayotumia batri ya pikipiki, kinaweza kurekodi kina pamoja na mahali kilipopimwa. Boti ikienda na kurudi, inaacha mstari wa namba. Boti kumi zikienda na kurudi, mistari inajaza ghuba nzima. Hatuhitaji meli ya utafiti ili kujua mawe ya ufuko wa Nzulo au mlango wa Kituku. Tunahitaji boti ambazo tayari zinapita pale kila siku, na makubaliano kwamba kinachorekodiwa ni cha wote.

Na asiye na dola 100 asijione nje ya kazi hii. Mabaharia wa pwani ya Bahari ya Hindi walipima kina kwa bildi, yaani kamba yenye kipande cha risasi mwishoni, karne nyingi kabla ya umeme. Kamba isiyonyonya maji, jiwe zito, fundo kila mita 1, simu ya kusomea mahali, daftari: mnaweza kuanza leo. Karibu na ufuko, ambako ndiko mawe yanakopasua mitumbwi, kamba inatosha kabisa.

Wavuvi, ninyi nina neno lenu. Sambaza mnayemvua kwa taa usiku aliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu miaka ya 1980 watafiti wamekuwa wakipima wingi wake kwa vyombo vya mwangwi. Hilo si jambo geni kwenye ziwa hili. Ni jambo ambalo halijafika mikononi mwenu. Chombo kinaonyesha kundi la samaki limesimama mita ngapi, kwa hiyo wavu unashuka panapostahili na mafuta ya taa hayaungui bure. Ila jifunzeni tabia ya Kivu: chini ya mita 60 hivi hakuna oksijeni ya kumtosha samaki, kuna maji mazito yenye gesi. Doa likitokea kwenye kioo katika mita 120, hilo si sambaza, na wala msiteremshe wavu kulifuata.

Nina hofu moja, nayo naisema wazi. Chombo kinachoonyesha samaki kinaweza pia kutumalizia samaki. Sambaza wachanga hukaa karibu na ufuko, katika maji mafupi, na mwenye chandarua cha mbu akijua hasa walipo atawafagia. Kwa hiyo chama cha wavuvi kitakachoanza kuchora maji yake kichore pia sehemu za wachanga, na kikubaliane kuziacha. Upande wa Rwanda uvuvi wa sambaza husimamishwa kwa miezi 2 kila mwaka. Samaki hajui mpaka. Faida ya kumpumzisha inavuka kuja kwetu, na hasara ya kumharibu inavuka pia.

Mpaka wenyewe ni sababu nyingine ya kuwa na ramani. Katikati ya maji hakuna nguzo wala bendera. Usiku, upepo wa kusini wa kiangazi ukisukuma mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, mvuvi wa Idjwi anaweza kujikuta upande wa pili bila kukusudia, na wapo waliokamatwa na kupoteza vyavu na mitumbwi. Ramani ya simu inaonyesha ule mstari. Kwa kuwa mstari wa simu si hati ya serikali, uachieni nafasi ya kutosha. Msivue mpakani kabisa. Na ukipata shida, namba mbili za mahali ulipo zikitumwa kwa ujumbe mfupi zinamfikisha mwokoaji kwako upesi kuliko kusema "niko mbele ya Idjwi," maana mbele ya Idjwi ni maji ya saa nzima.

Kuna wenzetu ambao tayari wana namba nyingi za kina. Kivu limepimwa mara nyingi kwa sababu ya gesi ya methani iliyoyeyuka ndani yake, na upande wa Karongi, Rwanda, mtambo wa KivuWatt huivuta kutoka kina cha mamia ya mita na kuifanya umeme. Kituo cha volkano cha Goma, OVG, kinalifuatilia ziwa kwa sababu ya Nyiragongo. RVF, shirika la njia za maji za ndani, lina kazi ya kupima na kuweka alama majini. Nawaomba wote hawa kwa heshima: namba za kina cha ufuko, sehemu za mita 0 hadi 50, zitoeni kwa makomanda. Hazina siri ya biashara ndani yake. Mimi naona ni haki kwamba ziwa lililopimwa kwa ajili ya umeme lipimwe pia kwa ajili ya mama anayevuka na mahindi yake.

Chuo Kikuu cha Goma kina vijana wanaojua kuchora ramani kwa kompyuta. Wanafunzi, kazi ya mwisho wa masomo mnayoitafuta iko Kituku: kaeni na makomanda, chukueni rekodi zao, zisafisheni, rudisheni karatasi inayosomeka kwa Kiswahili. Ndugu zetu mlioko Ulaya na Marekani, vipimakina vilivyotumika vinauzwa huko kila wiki kwa bei ya chini wakati watu wanapobadilisha boti. Kimoja kinaingia ndani ya begi bila shida. Mkileta, msimpe mtu mmoja. Kipeni chama, kiandikwe kwenye daftari la chama, kizunguke.

Abiria nanyi mna sauti. Kabla hujapanda, baada ya kuomba jile lako, muulize komanda kwa adabu: "Komanda, njia yetu leo umeiandika kwenye simu?" Akiulizwa mara moja atacheka. Akiulizwa na watu 20 kila asubuhi, mwenye boti atanunua chombo, kwa kuwa atajua wateja wanapenda boti ya namna hiyo.

Tuanzie mahali padogo. Mlango wa Kituku, kutoka ufukweni hadi mita 500 nje, boti moja, asubuhi yenye maji matulivu, mwendo wa polepole, mistari iliyoachana mita 20. Andikeni tarehe, kwa sababu maji hupanda na kushuka kati ya masika na kiangazi, na mita 2 za Mei huenda zisiwe mita 2 za Septemba. Wekeni alama nyekundu kwenye kila jiwe lililo katika kina kisichofika mita 3. Chapeni karatasi hiyo kubwa, ifunikeni kwa plastiki, ipigwe misumari pale tiketi zinapokatwa. Kisha Nzulo, kisha Minova, kisha ufuko wa magharibi wa Idjwi, na kila bandari iandike jina la chama kilichoipima na la yule anayepaswa kuambiwa namba ikionekana imebadilika.