Matokeo ya Alupe Yasomwe Busia

Baina ya mji wa Busia na Malaba, karibu na mpaka wa Uganda, kipo kituo cha Alupe cha Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI. Kwa wazee wa Marachi, Samia na Teso jina hilo lilikwenda sambamba na ukoma. Katika enzi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977, hapo ndipo ugonjwa huo ulipotafitiwa kwa niaba ya nchi zote tatu. Kazi hiyo iliangukia mikononi mwa KEMRI, iliyoundwa mwaka 1979, na hatimaye ikapanuka kukumbatia maradhi mengine ya kuambukiza na ya vimelea.

Manufaa ya kituo hayana ubishi. Mwaka 2020, malori yalipopanga foleni ya kilomita nyingi Malaba na Busia kwa sababu ya Korona, maabara ya Alupe ilizipima sampuli za madereva. Dereva aliyelala njiani siku kadhaa akingoja cheti alitambua kuwa maabara nayo ni sehemu ya barabara, kama lilivyo daraja.

Palipo na kasoro ni katika lugha. Kanuni za maadili zadai kwamba anayeombwa damu aelezwe utafiti kwa lugha anayoielewa, kisha atoe ridhaa. Kanuni ni njema. Tafsiri ndiyo huchechemea. Kidonge kisicho na dawa ndani yake, ambacho hutolewa ili kulinganisha, mara nyingi huitwa ‘dawa bandia’. Katika soko la Bumala au la Butula, dawa bandia ni ile iuzwayo na tapeli! Vivyo hivyo, kuwagawa washiriki kwa ‘bahati nasibu’ kwamfanya mzazi adhani mwanawe anachezewa kamari. Makosa haya si ya daktari peke yake. Ni ya wanaisimu pia, waliomwachia kazi yao aifanye usiku kabla ya safari.

Kutokana na pengo hilo huzuka uvumi. Hofu ya mumiani ilienea kutoka pwani hadi bara tangu ukoloni, na hata katika miaka ya karibuni watafiti waliotoa damu magharibi mwa Kenya wamewahi kudhaniwa kuwa wanyonya damu. Msomi aweza kucheka. Lakini ukiondolewa vitisho vyake, uvumi huo unauliza swali halali kabisa: damu hii yapelekwa wapi, na jibu lake litarudi lini?

Mfano mwafaka watoka Busia hiyohiyo, ingawa haukuwa mradi wa KEMRI. Kuanzia mwaka 1998 wanafunzi wa shule 75 za msingi za Budalangi na Funyula walipewa dawa za minyoo kwa awamu. Wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha matokeo mwaka 2004, na mwaka 2019 Kremer akawa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya Uchumi. Wenzao wamebishana sana juu ya hesabu hizo, na wana haki. Hata hivyo, makala yenyewe ilitoka kwa Kiingereza, katika jarida la wanauchumi, ikiwa imejaa milinganyo. Kiini chake chaelezeka hivi: mtoto akinywa dawa, mayai ya minyoo hupungua katika udongo wa kijiji, kwa hiyo hata jirani asiyeinywa hunufaika. Mama yeyote wa Funyula angeielewa sentensi hiyo na kuwa na la kuijibu.

Chuo Kikuu cha Alupe, kilichopata hati yake mwaka 2022, ni jirani wa kituo hicho. Wanafunzi wake wa Kiswahili wangeweza kupewa kila ripoti inayohusu Busia, waiandike upya katika ukurasa mmoja, usomwe barazani kwa chifu na kubandikwa zahanatini. Atakayesema kuwa bibi wa Butula huwaza kwa Kimarachi wala si kwa Kiswahili atakuwa amesema kweli. Basi ukurasa huo na utafsiriwe tena, kwa Kimarachi na kwa Kiteso. Gharama yake ni karatasi na nauli ya bodaboda, na ingefaa iwekwe katika bajeti ya utafiti tangu mwanzo, kando ya bei ya sindano na vichupa vya damu.