Jasho la JKT lianzie kwa wakubwa
Wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana Oktoba 22, 1966 kupinga Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) la lazima, Mwalimu Nyerere aliwatimua karibu 400. Kilichowauma kilijulikana: pamoja na kambi, kukatwa asilimia 60 ya mshahara wakati wa utumishi huo. Lakini siku hiyohiyo Mwalimu alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na hapo, si kwenye adhabu, ndipo alipopata haki ya kuwadai vijana jasho lao. JKT ya lazima ilisitishwa 1994, ikarejeshwa 2013. Baadhi ya wabunge vijana nao wakaingia kambini. Hatua njema, ila haikutosha. Wahitimu wa kidato cha sita wanaendelea kuitwa. Viongozi nao waseme wanajinyima nini.