Umeme ukipotea usiku, nani huhesabu saa za nyama?

IJUMAA ya Agosti 25, 2023, yapata saa nne kasorobo usiku, umeme ulipotea karibu nchi nzima. Ilikuwa wikendi ya mwisho wa mwezi, wakati ambapo mabucha na maeneo ya nyama choma huwa na wateja wengi kuliko siku nyingine. Mjadala uliofuata ulihusu uwanja wa ndege wa JKIA, ambako abiria walijikuta gizani, na ni mkuu yupi aliyestahili kupigwa kalamu. Wachache mno waliuliza swali la nyumbani zaidi: nyama iliyokuwa ndani ya majokofu na masanduku ya kioo ya kuhifadhi joto ilikwenda wapi Jumamosi asubuhi?

Jibu si gumu kukisia. Umeme ulipotea tena kwa namna hiyo Novemba na Desemba mwaka huo huo, na kila mara mazungumzo yaliishia kwenye nyaya na mitambo.

Wala tatizo hili halikuletwa na umeme. Kila anayejua maandalizi ya harusi au matanga mashambani anaijua hali hii: masufuria ya nyama huinjikwa jioni, mpishi anasinzia saa nane usiku, kuni zinakwisha, na saa kumi na moja alfajiri moto unachochewa upya kana kwamba hakuna lililotokea. Imani iliyopo ni kwamba nyama ikichemka tena, uovu wote umekufa. Hapo ndipo penye kosa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili, na kinachosubiri kuliwa kiwe na joto la zaidi ya nyuzi 60 za sentigredi. Kati ya nyuzi 5 na 60 ndimo bakteria hustawi. Yupo mmoja, Clostridium perfringens, anayependa hasa nyama iliyopikwa kwa wingi. Nyama inapoiva, yeye hujifungia ndani ya gamba gumu linalostahimili mchemko. Moto ukizimika na sufuria ikaanza kupoa polepole, hutoka humo na kuanza kuzaana. Kwenye nyuzi 43 hadi 47 anaweza kuongezeka maradufu kwa muda unaokaribia dakika 10. Kwa hesabu hiyo, mmoja huwa zaidi ya 4,000 kwa saa mbili tu, na nyama haianzi na mmoja.

Nyama hiyo ikichemshwa tena barabara, bakteria hao walioamka hufa. Lakini wapo wengine, Staphylococcus aureus, wanaotoka mikononi na puani mwa mkataji nyama. Hawa huacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haiharibiwi na maji yanayochemka. Jijini Nairobi, ambako kwa sababu ya mwinuko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, matumaini ya kuiondoa kwa mchemko ni haba hata zaidi. Mlaji hutapika saa chache baadaye na kulaumu pilipili.

Wamarekani wanalijua tatizo hili kwa sura yao. Katika jimbo la Texas, kidari cha ng'ombe hupikwa kwa moshi na moto hafifu kwa saa 12 au zaidi, aghalabu usiku kucha. Majiko mengi ya kisasa ya kazi hiyo hulishwa vipande vya mbao kwa mtambo wa umeme; umeme ukikatika, moto hufa mwenye jiko akiwa usingizini. Ushauri wa Idara ya Kilimo ya nchi hiyo haujali kidari kiligharimu pesa ngapi. Nyama ambayo bado ina zaidi ya nyuzi 60 ihamishiwe kwenye moto mwingine mara moja. Iliyokaa chini ya hapo kwa zaidi ya saa mbili itupwe. Na asiyejua moto ulizimika lini hana budi kuhesabu tangu alipouona ukiwaka mara ya mwisho.

Huenda wapo watakaosema kwamba moshi wenyewe ni kinga, kwani mababu walikausha nyama na samaki kwa moshi. Ni kweli nusu. Kilichowalinda zaidi ni ukavu. Nyirinyiri ya jamii za kaskazini hukaa muda mrefu kwa kuwa hukatwa vipande vyembamba, hukaushwa, hukaangwa na kuzamishwa katika mafuta. Paja bichi lenye maji tele, hata likinukia moshi, halimo katika kundi hilo.

Kisheria, Katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti jukumu la kutoa leseni na kudhibiti biashara zinazouzia umma chakula. Aidha, ipo Sheria ya Udhibiti wa Nyama. Lakini jicho la mkaguzi huelekezwa zaidi kwenye muhuri wa kichinjio, cheti cha afya na koti jeupe. Vyote hivyo huthibitisha hali ya nyama na muuzaji kabla ya giza kuingia. Julai 2019, runinga ya NTV ilipofichua matumizi ya kemikali za kuifanya nyama ionekane mbichi, Wakenya walijifunza kwamba macho yanaweza kudanganywa. Pua nayo hudanganyika, maana nyama yenye sumu si lazima inuke.

Mwenye bucha anayetupa mzoga mzima hupata hasara peke yake. Anayeuuza huigawa hasara hiyo kwa wateja wasiojua. Kaunti ikitaka kubadilisha hesabu hiyo, ingeanza kwa kudai kila bucha liwe na kipimajoto na daftari la saa umeme ulipopotea na uliporejea. Friza iliyojaa na kufungwa hushikilia ubaridi kwa takriban saa 48, iliyojaa nusu saa 24, na jokofu la kawaida saa nne tu.

Asiye na kipimajoto anaweza kugandisha kikombe cha maji na kuweka sarafu juu ya barafu. Akikuta asubuhi sarafu imezama hadi chini, friza iliyeyuka usiku, hata kama kila kitu ndani yake kimekwisha kuganda tena.