MWANAMUME KATIKA NASARI: TWAOGOPA NINI, NA TUFANYE NINI?



Kila siku kabla ya saa kumi na mbili asubuhi njia za Kibera na Kawangware zimekwisha jaa wafanya kazi. Wa Kibera hufuata reli kwa miguu kwenda Industrial Area. Wa Kawangware huenda Lavington na Kileleshwa kutafuta nguo za kufua na nyumba za kufagia. Wengi wao, hasa akina mama, hupita kwanza mlangoni pa nasari. Humkabidhi mtoto, hulipa shilingi 50, au 70, au 100 za siku hiyo, kisha huenda zao. Bila nasari hiyo hakuna kibarua, na bila kibarua hakuna unga. Kwa hiyo mambo ya nasari ni mambo ya chama, wala mtu asituambie kuwa ni maneno ya wanawake.

Neno ninalotaka kulisema leo ni hili. Wazazi wengi wakikuta mlezi wa kiume ndani ya nasari hugeuka na mtoto wao. Wengine humwita mwenye kituo kando wakamwuliza, “Huyu hapa anafanya nini?” Wengine hukubali awafundishe watoto wakubwa nyimbo na herufi, lakini asimguse mtoto wa nepi. Mwenye kituo akiona anapoteza watoto watatu au wanne, humwondoa yule kijana, ingawa hana kosa lolote. Kijana naye hurudi kwenye mjengo kubeba mawe, na cheti chake cha kufundisha watoto wadogo kikabaki sandukuni.

Tusiwacheke wazazi hawa. Hofu yao ina sababu. Katika uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka 2010, vijana wa Kenya wa miaka 18 hadi 24 waliulizwa juu ya utoto wao. Wasichana 32 katika kila 100, na wavulana 18 katika kila 100, walisema walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Uchunguzi uliporudiwa mwaka 2019 hesabu ilikuwa imeshuka, karibu wasichana 16 na wavulana 6 katika kila 100, lakini hata hiyo ni aibu kubwa. Tena ni kweli kwamba wengi wa wanaotenda uovu huo ni wanaume. Mama anayemwacha mtoto asiyejua kusema, akaenda maili nne mbali naye mpaka jioni, ana haki ya kuuliza maswali. Aliyeumwa na nyoka akiona ung’ong’o hushtuka.

Lakini tuusome uchunguzi ule mpaka mwisho. Waliowadhuru watoto hao mara nyingi walikuwa watu waliowajua: wapenzi, majirani, watu wa ukoo. Sasa itazame nasari ya kwetu ilivyo. Ni chumba cha mabati, mara nyingi ndicho nyumba ya mwenye kituo. Mume wake hulala humo. Mwanawe mkubwa hurudi saa nane kula. Mpangaji wa mlango wa pili hupita uani kwenda chooni. Kinyozi wa jirani huingia kuchaji simu. Hawa wote ni wanaume, nao wako karibu na watoto kila siku, lakini hakuna mzazi aliyeuliza majina yao wala cheti chao. Mwanamume mmoja tu ndiye anayeulizwa, yule aliyekuja kwa mlango wa mbele, mchana, mwenye jina katika daftari na kazi inayojulikana. Hivyo tumefunga dirisha tukaacha mlango wazi.

Na madhara mengine ya nasari hayaulizi kama mlezi ni mke au mume. Mlezi mmoja mwenye watoto ishirini katika chumba kimoja atachoka. Aliyechoka aweza kupiga. Aweza kumpa mtoto dawa ya kumlaza ili anyamaze. Aweza asione mtoto akitambaa kwenda kwenye jiko la makaa. Mzazi anayesema, “Hapa ni salama kwa sababu ni mama mtupu,” amejipumbaza.

Sisi wafanya kazi twapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko watu wengine. Ni nani kati yetu ambaye hakupata kushukiwa kwa sababu ya mahali atokako? Mama wa kufua nguo akisema anakaa Kibera, tajiri huhesabu vijiko. Langoni mwa viwanda wapo wanaopekuliwa mpaka mifuko ya ndani, na karani wa ofisini hupita bila kuguswa. Je, chama chetu kilisema lango lisilindwe? Hapana. Chama husema ulinzi uwe mmoja kwa wote, uwe wa heshima, na mtu ahukumiwe kwa tendo lake. Neno hilo hilo ndilo la nasari. Hatusemi mlango usilindwe. Twasema ulindwe zaidi, lakini kwa kanuni, si kwa kuangalia nani kavaa suruali.

Wako wanaosema kwamba kulea ni kazi ya mwanamke tangu zamani. Ndugu, tukumbuke. Wakati wa ukoloni kazi za nyumbani za Nairobi zilifanywa zaidi na wanaume. Walipika, walifua, walipiga pasi, walitandika vitanda, wakaitwa “boi” hata kama walikuwa na wajukuu. Leo kazi hizo karibu zote ziko mikononi mwa wanawake, na watu husema ni za wanawake tangu mwanzo wa dunia. Kazi haizaliwi na jinsia. Siku hizi mama akienda kliniki aweza kumkuta mwuguzi wa kiume, naye humpa mtoto apimwe na kuchanjwa. Mbona hapo haogopi? Kwa sababu ameona mavazi ya kazi, kadi, watu wengine chumbani, na anajua pa kushtaki. Anaamini utaratibu.

Sisi si peke yetu katika shida hii. Norway ni nchi tajiri, na serikali yake iliweka lengo kwamba wafanya kazi 20 katika kila 100 wa nasari wawe wanaume. Baada ya miaka mingi ya kujitahidi wamefika karibu 10 tu. Uingereza hawafiki hata 4. Basi tusidhani kwamba hofu hii ni ujinga wa watu wa mitaa ya mabati.

Sasa nije kwenye fedha, maana hapo ndipo penye mzizi. Tufanye hesabu ya kituo kidogo. Watoto 15 kwa Sh. 60 ni Sh. 900 kwa siku. Kwa siku 26 ni Sh. 23,400, kama kila mzazi amelipa, nasi twajua kwamba wengine hukopa. Toa kodi ya chumba Sh. 5,000. Toa uji, makaa, maji na sabuni, tuseme Sh. 250 kwa siku, yaani Sh. 6,500. Kinabaki Sh. 11,900. Agizo la mishahara la Novemba 2024 liliweka kima cha chini kabisa katika jiji la Nairobi kuwa Sh. 16,113.75 kwa mwezi. Katika agizo hilo yaya wa watoto ameandikwa mstari mmoja na mfagiaji, mtunza bustani na mlinzi wa mchana. Hata hicho kima cha chini mwenye kituo wetu hakifikii. Akiajiri mtu wa pili na wakagawana sawa, kila mmoja atapata Sh. 5,950.

Mnaona? Kusema kwamba kulea ni upendo wa mama tu, wala si kazi yenye ujuzi, ndiyo njia ya kuifanya iwe rahisi. Shirika la Kidogo, linalosaidia vituo vidogo Nairobi na kwingineko, huwaita wenye vituo hao kwa jina la Kiingereza linaloanza na “mama”. Jina hilo limewapa akina mama hao heshima, nami silikatai. Lakini siku itakapolipwa kama kazi ya ujuzi, wanaume watakuja wenyewe kuomba, na mwanamke aliyeko ndani atakuwa wa kwanza kufaidika. Mlezi wa kiume hakuja kumnyang’anya mama kazi. Wote wawili wanadhulumiwa na neno moja.

Nayo sheria yasemaje? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 27, yakataza kumbagua mtu kwa jinsia. Kifungu cha 53 chasema maslahi ya mtoto yawe mbele ya yote. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamkataza mwajiri kubagua. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 zampa mtoto ulinzi. Sheria hizi hazigombani. Mtoto akiwekwa mbele, kanuni ngumu zitawekwa. Kanuni zikiwa za wote, hakuna aliyebaguliwa.

Basi napendekeza kila mzazi mwanachama adai mambo haya katika nasari anakompeleka mtoto wake:

1. Walezi wawili wakati wote, na mtoto asiachwe na mtu mzima mmoja nyuma ya mlango uliofungwa.

2. Mahali pa kubadilisha nepi na kuogesha paonekane na mlezi wa pili.

3. Mzazi aruhusiwe kuingia saa yoyote bila kutoa habari. Kituo kinachokataa, mtoe mtoto siku hiyo hiyo.

4. Kila mlezi, mke au mume, awe na cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi na watu wawili wanaomjua. Kila mtu mzima anayekaa nyumba hiyo naye ajulikane kwa jina.

5. Daftari la nani kamleta mtoto na nani kamchukua.

6. Malalamiko yasizimwe kwa shilingi elfu mbili na soda. Yapelekwe polisi, au ipigwe simu nambari 116 ya watoto, ambayo ni bure. Aliyeshtakiwa akae mbali na watoto mpaka neno liamuliwe, naye asikilizwe.

Kanuni ya kwanza ndiyo ghali, nami nimekwisha onyesha kwamba mwenye kituo peke yake haiwezi. Wala mama wa kufua nguo hawezi kulipa mara mbili. Katiba iliweka nasari na vituo vya kulea watoto mikononi mwa kaunti. Basi Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilipe sehemu ya mshahara wa mlezi wa pili katika vituo vinavyofuata kanuni, na wakaguzi wake waje kusaidia kabla ya kufunga. Waajiri wakubwa nao, wanaopata jasho la wazazi hawa, waguswe. Makubaliano ya pamoja yatakapojadiliwa tena, fungu la malezi ya watoto liwekwe mezani pamoja na nyumba na matibabu.

Na ninyi akina baba, nina neno kwenu. Wengi wenu hamjui hata jina la mlezi wa mtoto wenu. Mkono mmoja haulei mwana. Mpelekeni mtoto asubuhi, ingieni ndani, tazameni jiko liko wapi, ulizeni kanuni. Mtaani kukizoeleka baba kumbeba mtoto na kumbadilisha nepi, mlezi wa kiume hataonekana tena kama mwizi aliyeingia nyumba ya watu.

Jambo hili lizungumzwe katika mikutano ya matawi, na wenye vituo waalikwe waseme yao. Asiyekubaliana nami aje na hoja. Lakini asije na neno la “mwanaume hafai” tu, maana neno hilo halijapata kumlinda mtoto hata mmoja.

Mwanachama,
Kawangware