Tusigeuze gidoni

Hapa Lubumbashi, ukinunua kinga ya mbio iliyokwisha kutumika Ulaya, ushauri wa kwanza utakaopewa ni kugeuza gidoni. Zile pembe zinazoinama zielekezwe juu kama za mbuzi, ili ukae wima. Yangu niliinunua mwanzoni mwa kiangazi. Mafundi wawili na asistanti mmoja wameniambia hivyo hivyo. Nimekataa, na naona wengine nao wakatae.

(Wapenzi wa Kiswahili sanifu watataka niandike baiskeli, kwa kuwa katika kamusi kinga ni kitu cha kuzuia maradhi. Lakini hapa kwetu kinga ni kinga, kama vile kwa Wanyanja ng'ambo ya mpaka ni njinga.)

Ushauri wao una chanzo kinachoeleweka. Wengi wetu tulijifunzia kinga nzito za Kichina, zenye mwendo mmoja, gidoni pana na kiti kipana. Tukipanda kinga nyepesi ya kilo 9 au 10, mwili unaiendesha kwa lafudhi ya ile ya zamani. Sisi wa isimu tunaijua hali hiyo: mwanafunzi anasema Kifaransa kwa sarufi ya lugha ya mama. Hatumsaidii kwa kubadilisha sarufi ya Kifaransa. Tunampa muda azungumze, na mazungumzo yenyewe yawe ya kawaida, siyo mtihani. Kwa kinga, mtihani ni kuwafuata wanaofanya mazoezi hadi Likasi, kilometa 120. Mazungumzo ya kawaida ni nusu saa Jumapili asubuhi, njia ya Kasapa au mitaa ya Golf, kabla malori hayajawa mengi.

Kinachotakiwa kujifunzwa hapo kwanza ni frene. Kwenye gidoni ya kuinama, mikono hupenda kukaa katikati, pale paliponyooka, kwa sababu ndipo panapofanana na kinga ya zamani. Hapo hakuna frene. Mtoto akikatiza njia, vidole vinashika hewa. Mahali pa mikono ni mbele, juu ya mishiko ya frene, viwiko vikiwa vimelegea. Mkono ukishazoea, unafika wenyewe bila kufikiri. Ukigeuza gidoni, frene zinahamia mahali ambapo mkono hauzifikii vizuri wakati wa haraka. Umeuza usalama ili kununua raha ya mgongo.

Mgongo utalalamika, sikatai. Mara nyingi inatosha fundi apandishe gidoni sentimeta 1 au 2, kama chuma chake kinaruhusu. Kiti nacho kipimwe: kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Tairi za milimeta 25 zinataka upepo mwingi, na valvu zake nyembamba zina kinati kidogo cha kulegeza kwanza. Pampu nyingi za kando ya njia haziushiki mdomo huo, basi kuwa na yako.

Lililo gumu zaidi siyo la mwili. Mjini kwetu kinga ni chombo cha kubeba. Njia ya Kasenga utakutana na wanaume wanaosukuma kinga zilizojaa magunia ya makala, wao wakitembea kwa miguu. Mmoja aliniuliza nimebeba nini. Nikamwambia sina mzigo. «Basi unaenda wapi?» Siendi popote, baba, natembea tu. Alicheka sana, na ana haki ya kucheka. Lakini nashuku kwamba hata haraka yetu ya kugeuza gidoni inatoka hapo: tunataka kinga yetu ifanane na kinga ya kazi, ili tusiulizwe. Mimi naona mwanafunzi anayetembea bila mzigo hana deni la kumweleza mtu, ila awapishe wenye mizigo, kwa sababu wao hawawezi kukwepa kwa urahisi.

Wenzangu wawili wamenunua pia, na gidoni zao bado zinaangalia chini. Kipushi iko kilometa 30 hivi. Mvua zikianza, matundu ya barabara yatajaa maji na hayataonekana, kwa hiyo tunataka kufika huko kabla ya mwezi wa kumi na moja, polepole, tunywe chai, turudi. Atakayetaka kuja aje na pampu.