Kibao cha "Mbwa Mkali" Hakikukingi

Mwezi huu naongea na nyie wanandoa mliohamia kwenye nyumba yenu wenyewe. Geti likishasimama tu, baba anataka mbwa. Tena mkali!

Shosti wangu mmoja wa Kibiti wamenuniana na mumewe kwa hilo hilo. Mume anasema kwao Ngorongo mbwa ni walinzi tangu enzi za babu, wanafukuza nguruwe na nyani shambani. Mke anamjibu, "Sawa baba, lakini huku mjini watoto wa jirani wanafuata mpira mpaka uani." Mume akamaliza: "Nitaweka kibao getini."

Jamani, hapo niko upande wa shosti. Wenzetu Uingereza wana orodha ya mbwa waliopigwa marufuku: pit bull terrier tangu sheria ya mwaka 1991, na XL Bully akaongezwa miaka ya karibuni. Kwetu, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 233, haiulizi mbwa wako ni wa kizungu au wa kienyeji. Inakuuliza wewe mwenye mnyama: ulichukua tahadhari gani ili asimdhuru mtu? Mtoto wa miaka 4 hajui kusoma kibao. Tena kibao hicho hicho kinaonyesha kwamba ulijua fika mbwa wako ni mkali!

Kuna wanaomshindisha mbwa njaa ili awe mkali zaidi. Acheni. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili wa namna hiyo.

Halafu kuna kichaa cha mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo mbwa apate chanjo kwa daktari wa mifugo, na cheti kitunzwe. Aking'ata mtu, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Mambo ya kupaka dawa za kienyeji na kusubiri, hapana.

Kwa hiyo kabla ya kuleta mbwa, kaeni wawili muulizane: nani atamfungia asubuhi? Nani atampeleka chanjo? Mtoto wa watu aking'atwa, sindano zake zitatoka mfuko gani? Mkikosa jibu hata moja, nunueni kufuli la maana, maisha yaendelee.

Tukutane mwezi ujao!