SIFURI YA MARCIANO

Tarehe 27 Aprili, 1956, Rocky Marciano, bingwa wa dunia wa ngumi wa uzito wa juu, alitangaza kwamba hapigani tena. Umri wake ulikuwa miaka 32. Alikuwa amepanda ulingoni mara 49 na kushinda mara 49, na katika hizo, mara 43 pambano lilikwisha kabla ya wakati wake. Hakuna bingwa mwingine wa uzito huo, kabla yake wala baada yake, aliyeuacha ulingo na hesabu ya namna hiyo akafa nayo.

Tangu siku ile mabishano hayajakoma. Upande mmoja husema: asiyeshindwa ni asiyeshindwa, hesabu haidanganyi, basi Marciano na awe juu ya wote. Upande wa pili hujibu kwamba alibahatika kukuta ulingo umejaa wazee, akawaangua kama maembe yaliyoiva kupita kiasi, na kwamba lau angalikutana na Joe Louis wa mwaka 1938 au Muhammad Ali wa mwaka 1966 mambo yangalikuwa mengine. Sisi hatuoni haja ya kuamua nani angalimpiga nani. Walikwisha jaribu kuamua hayo kwa mashine ya kompyuta mwaka 1969. Marciano na Ali waliigiza mapigano mbele ya kamera, mashine ikatoa hukumu yake, na filamu ilipoonyeshwa Marekani Januari 1970, Marciano alishinda katika raundi ya 13. Mshindi huyo hakuwahi kuuona ushindi wake, maana alikwisha fariki kwa ajali ya ndege tarehe 31 Agosti, 1969, siku moja kabla ya kutimiza miaka 46. Mchezo ule ulileta fedha, haukuleta jibu. Neno linalotushughulisha ni hili la wazee, kwa kuwa wanaolisema hulisema nusu.

Ni kweli walikuwa wazee, kwa kipimo cha ngumi. Joe Louis alikuwa na miaka 37 alipopigwa katika raundi ya 8 tarehe 26 Oktoba, 1951. Jersey Joe Walcott alikuwa na miaka 38 alipopoteza ubingwa huko Philadelphia, Septemba 1952. Archie Moore, mtu wa mwisho kupigwa na Marciano, Septemba 1955, alikuwa na miaka 38 kwa hesabu yake mwenyewe na miaka 41 kwa hesabu ya mama yake, na katika jambo la kuzaliwa sisi huelekea kumwamini mama. Lakini mbona watu hao walikuwa bado ulingoni kwa umri ule, wakigombea taji ambalo wangalifaa kuligombea wakiwa vijana?

Jibu lake limo katika historia ya Marekani. Jack Johnson, mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa uzito wa juu, alipoteza taji mwaka 1915. Kwa miaka 22 baada ya hapo, hakuna mtu mweusi hata mmoja aliyeruhusiwa kuligombea, mpaka Joe Louis mwaka 1937. Wala Louis alipouvuka mlango huo haukubaki wazi kwa wengine wote. Walcott alianza kupigana kwa malipo mwaka 1930. Pambano lake la kwanza la ubingwa wa dunia alilipata Desemba 1947. Katika miaka hiyo 17 alikuwa na watoto wa kulisha, akifanya vibarua, na kuna wakati familia yake iliishi kwa msaada wa serikali. Taji alilitwaa Julai 1951, akiwa na miaka 37. Moore alingoja mpaka Desemba 1952 ndipo akapewa nafasi ya kugombea ubingwa wa uzito mdogo kuliko huo. Ezzard Charles, ambaye alimpiga Moore mara tatu, hakupata kamwe kugombea ubingwa wa uzito wa Moore. Ikambidi apande kupigana na watu wazito kuliko yeye. Marciano, aliyeanza kazi hiyo kwa dhati mwaka 1948, alikuwa bingwa baada ya miaka minne.

Basi anayesema kwamba Marciano aliwapiga wazee asiishie hapo. Aulize ni nani aliyewazeesha.

Hatusemi hayo ili kumvunjia heshima Marciano. Sheria ile isiyoandikwa hakuitunga yeye, na kwa asili yake hakuwa mtu wa kutunga sheria yoyote. Alizaliwa mwaka 1923 katika mji wa Brockton, jimbo la Massachusetts, mji wa viwanda vya viatu, na jina lake hasa ni Rocco Marchegiano. Wazazi wake walihamia huko kutoka Italia. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha viatu, naye alikuwa ameumizwa na gesi katika Vita Kuu ya Kwanza. Kijana Rocco aliacha shule kabla ya kumaliza, akachimba mitaro, akashusha makaa na barafu kutoka katika magari. Mwili wake haukuumbwa kwa ajili ya ubingwa. Uzito wake ulikuwa kama ratili 185, ambao leo haungemtosha kwa daraja hilo la juu, na mikono yake ilikuwa mifupi. Mwalimu wake, Charley Goldman, alipomwona mara ya kwanza aliona mengi ya kurekebisha, naye hakuyarekebisha yote. Alimfundisha kuinama, kuingia ndani, na kupiga bila kukoma.

Kwa hiyo alishinda kwa njia anayoijua kila mtu aliyepata kufanya kazi ya mikono. Alijizoeza kupita wote na akakataa kuchoka. Usiku ule wa Philadelphia, Walcott alimwangusha katika raundi ya kwanza, jambo ambalo lilikuwa halijampata. Ilipofika raundi ya 13, waamuzi wote watatu walikuwa wamempa Walcott pointi nyingi zaidi. Ndipo Marciano akampiga konde moja la mkono wa kulia, na mzee yule akashuka taratibu, mkono umenasa katika kamba. Miaka miwili baadaye Charles alimpasua pua vibaya, damu ikimwagika. Marciano akamaliza kazi katika raundi ya 8. Hayo si matendo ya mtu aliyeokota ubingwa njiani.

Lakini tuhesabu pia gharama. Katika zile mara 43 ipo moja ya tarehe 30 Desemba, 1949, aliyopigwa Carmine Vingo, kijana wa miaka 20. Vingo alitolewa ulingoni akiwa hajitambui, akakaa kati ya uhai na mauti, akapona kwa shida, asipigane tena maisha yake yote. Katika daftari la ushindi, naye ni alama moja tu, sawa na wengine.

Na faida ilikwenda wapi? Meneja wa Marciano, Al Weill, alichukua sehemu kubwa ya mapato yake, na mtu huyo huyo alikuwa mpangaji wa mapambano katika kampuni ya International Boxing Club, iliyoyashika masumbwi ya Marekani mikononi mwake. Kati ya Juni 1949 na Mei 1953 yalipiganwa mapambano 44 ya ubingwa katika nchi ile. Kampuni hiyo ilikuwa na mkono katika 36. Mwaka 1959 Mahakama Kuu ya Marekani iliunga mkono amri ya kuivunja. Jambazi Frankie Carbo, aliyekuwa akiwaendesha mabondia na mameneja kutoka nyuma ya pazia, alifungwa mwaka 1961. Mpiga ngumi ni mfanyakazi ambaye chombo chake cha kazi ni mwili wake, na chombo hicho kikivunjika tajiri hanunui kingine. Huajiri mtu mwingine.

Ndiyo maana hatuistaajabii sana sifuri peke yake. Floyd Mayweather alifikia ushindi wa 49 mwaka 2015, akaufanya 50 tarehe 26 Agosti, 2017, kwa kumpiga Conor McGregor, mtu ambaye alikuwa hajapata kupigana pambano moja la masumbwi ya kulipwa. Hesabu yaweza kurefushwa hivyo. Muhammad Ali kwa upande wake alipigwa mara tano, na wapi duniani jina lake halijulikani? Hapa kwetu alifika Februari 1980, ametumwa na Rais Carter kuishawishi Tanzania isusie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Nyambui na Bayi walikwenda Moscow, wakarudi kila mmoja na medali ya fedha. Siku ile Ali hakushinda Dar es Salaam, wala hatujasikia mtu akimpunguzia ukuu kwa ajili hiyo.

Liko jambo moja la Marciano ambalo twaliona kubwa kuliko zile 49, nalo ni namna alivyoondoka. Joe Louis aliacha ngumi mwaka 1949 akiwa bingwa. Wakati wa vita alikuwa ameyatoa malipo ya mapambano mawili kwa mifuko ya kuwasaidia wanamaji na askari wa nchi yake. Vita vilipokwisha, ofisi ya kodi ya nchi hiyo hiyo ikamdai fedha asizoweza kuzilipa, ikambidi arudi ulingoni mwaka 1950 na mwili uliokwisha choka. Aliyemsubiri mwisho wa njia hiyo alikuwa Marciano. Louis alimalizia maisha yake Las Vegas, akilipwa kuwakaribisha wageni katika nyumba ya kamari.

Marciano aliyaona hayo kwa karibu kuliko mtu yeyote. Mgongo wake ulikuwa ukiuma, mke wake alimtaka nyumbani, na kugawana na Weill kulikuwa kumemchosha. Mwaka 1959, Ingemar Johansson wa Sweden alipotwaa ubingwa, watu wa biashara walimjia tena na ahadi za fedha nyingi. Alifanya mazoezi kwa muda wa kama mwezi mmoja, akaupima mwili wake, akawaambia hapana.